Mnunuzi wa Nyumba na Dalali wa Pande Mbili

Hakuna biashara anayoifanya mwananchi wa kawaida iliyo nzito kuliko kununua nyumba. Samaki akioza hutupwa, nguo ikichanika hushonwa, lakini aliyenunua nyumba yenye mgogoro huishi na mgogoro huo yeye, wanawe, na pengine wajukuu zake. La ajabu ni kwamba katika visiwa vyetu biashara hiyo nzito aghalabu hupita katika mdomo wa mtu mmoja tu, naye ni dalali, ambaye kwa wakati mmoja anamsemea anayeuza na anamsemea anayenunua. Anapokea kwa huyu na anapokea kwa yule. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Dalali wa nyumba ameshika mbili, na hatujaona hata moja iliyomponyoka.

Leo tunataka kuuliza swali ambalo wengi huliuliza baada ya mambo kuharibika: je, mnunuzi anapata faida gani kwa kumtumia dalali yule yule anayetumiwa na muuzaji?

Yafaa ieleweke mapema kwamba hatukusudii kuwavunjia heshima madalali. Udalali ni kazi ya halali na ya zamani. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kuonyesha na kuelekeza, na biashara ya bandari yetu tangu enzi za majahazi haikuwahi kukosa dalali. Mtu anayejua nani ana kitu na nani anakitafuta, akawakutanisha, amefanya kazi na anastahiki ujira wake. Katika visiwa kama vyetu ujuzi huo ni mali kubwa zaidi, kwani nyumba nyingi hazitangazwi popote. Habari zake huzunguka barazani na misikitini: fulani anahamia Dar es Salaam, warithi wa fulani wameamua kugawana, fulani ana mtoto wa kusomesha na anataka kupunguza kiwanja chake cha Tunguu. Dalali wa mtaa ndiye anayezikusanya habari hizo. Mnunuzi akiwa na dalali huyo huyo huziona nyumba ambazo mwengine hatazisikia mpaka zimeshauzwa, na jambo linaloweza kuchukua miezi likifanywa na watu wawili wasioelewana, mtu mmoja hulimaliza kwa wiki moja.

Faida hiyo si ya kubuni. Wataalamu wawili wa uchumi, Lu Han na Seung-Hyun Hong, waliichunguza biashara ya nyumba katika Amerika ya Kaskazini, ambako karibu sehemu 1 katika 5 ya mauzo ya nyumba hufanyika muuzaji na mnunuzi wakiwa chini ya ofisi moja ya mawakala. Walitaka kujua kama mauzo hayo yanatokea kwa sababu ofisi ina nyumba inayomfaa mteja wake, au kwa sababu wakala anamsukuma mteja kwenye nyumba ya ofisi yake ili ujira wote ubakie ndani. Walipata kwamba kiasi cha theluthi moja ya mauzo hayo yalielezeka kwa tamaa ya wakala. Kwa hiyo asemaye kwamba kila mnunuzi aliyeingia katika ofisi ya muuzaji ameibiwa, anazidisha. Lakini theluthi moja si kitu kidogo. Ukiwachukua watu 30 walionunua nyumba kwa njia hiyo, 10 kati yao waliongozwa na mfuko wa mtu mwengine. Na wataalamu hao waliona jambo jengine ambalo tunaomba lishikwe: pale ambapo wateja walifahamishwa zaidi juu ya maslahi ya wakala, msukumo huo ulipungua.

Tuje sasa kwenye kiini cha jambo. Mnunuzi wa nyumba anahitaji kujua mambo mengi, lakini moja ni kubwa kuliko yote: ni kiasi gani cha chini kabisa ambacho mwenye nyumba atakikubali. Muuzaji naye anataka kujua ni kiasi gani cha juu kabisa ambacho mnunuzi anaweza kukitoa. Siri mbili hizi ndizo biashara yenyewe. Dalali wa pande mbili anazijua zote.

Tuchukue mfano. Mwalimu mstaafu amepokea kiinua mgongo chake na anatafuta nyumba Fuoni. Mwenye nyumba amemwambia dalali kwamba anataka shilingi milioni 70, lakini kwa kuwa ana mgonjwa wa kumpeleka nje kwa matibabu, hata milioni 60 atapokea. Dalali huyo huyo amekaa na mwalimu, akamuuliza uwezo wake, na mwalimu kwa kumwamini amemjibu kwamba anazo milioni 75. Siri ya kwanza ingemwokolea mwalimu fedha nyingi. Siri ya pili ingempatia muuzaji zaidi ya alichokitarajia. Dalali akimpa mwalimu siri ya muuzaji, amemfanyia muuzaji khiyana. Akimpa muuzaji siri ya mwalimu, amemfanyia mwalimu khiyana. Akinyamaza kwa wote wawili, basi kila mmoja amelipa ada ya kumwajiri mtu wa kunyamaza.

Iko njia ya nne, nayo ndiyo inayopendwa. Dalali anamwambia mwalimu kwamba bei ni milioni 75 na mwenyewe hapunguzi hata shilingi. Anamwambia mwenye nyumba kwamba amepatikana mtu, lakini ni wa milioni 60 tu, naye asipoharakisha atamkosa. Milioni 15 zilizobaki katikati hazimo katika hesabu ya muuzaji wala ya mnunuzi. Mitaani fedha hizo zina jina lake, huitwa "cha juu", na baada ya hapo dalali bado anadai ada yake kwa pande zote mbili bila ya haya. Mwenye nyumba ameuza kwa hasara akiwa na mgonjwa kitandani, na mwalimu amemaliza akiba ya miaka 30 ya chaki. Siku watu hawa wawili watakapokutana msibani au harusini wakaulizana bei, ndipo watakapojua.

Wapo wanaodhani kwamba cha juu ni desturi tu na hakuna wa kuisemesha. Sivyo. Sheria ya mikataba tuliyoirithi, ambayo asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, inaeleza kwamba wakala akiifanya kazi ya bwana wake kwa faida yake mwenyewe, bila ya bwana huyo kujua, yule aliyemtuma ana haki ya kuidai faida hiyo. Kwa lugha nyepesi, cha juu kilichofichwa ni mali ya aliyemtuma dalali. Sheria hiyo inamtaka pia wakala atoe hesabu anapotakiwa. Tunawauliza wasomaji wetu: ni wangapi waliowahi kumtaka dalali hesabu?

Amma kwa wale wanaosema kwamba dawa ni kuwa na madalali wawili hata kama wanatoka katika ofisi moja, tuna kisa cha kuwaeleza. Mwaka 2007 mnunuzi mmoja alinunua jumba la kifahari Malibu, katika jimbo la California nchini Marekani, kwa dola milioni 12.25. Wakala wa muuzaji na wakala wa mnunuzi walikuwa watu wawili mbalimbali, kila mmoja na chumba chake, lakini wote ni wa kampuni moja. Karatasi ya kuitangaza nyumba ilisema kwamba sehemu ya kuishi ni kiasi cha futi za mraba 15,000. Watu wengine waliotaka kuinunua nyumba hiyo kabla yake walipouliza, wakala wa muuzaji aliwashauri kwa maandishi watafute mtaalamu wa kupima, kwani ukubwa huo hakuuhakikisha. Mnunuzi wetu huyu hakupewa ushauri huo. Alipokuja kutaka kufanya matengenezo na kukitazama kibali cha ujenzi, aliona hesabu nyengine kabisa. Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, na mwezi wa Novemba 2016 majaji waliamua kwamba madhali kampuni ilikuwa ya pande zote mbili, na wakala wa muuzaji akitenda kwa niaba ya kampuni hiyo, basi naye alikuwa na wajibu kwa mnunuzi ule ule uliokuwa juu ya kampuni.

Tumekieleza kisa hiki si kwa kumhurumia mtu wa dola milioni 12, kwani anaweza kujihurumia mwenyewe. Tumekieleza kwa sababu kinaonyesha wazi kinachompata mnunuzi anayeshiriki ofisi na muuzaji. Hakuambiwa uongo wa kupigiwa kelele. Hakuambiwa kitu tu. Habari ilikuwamo ndani ya ofisi aliyoilipa, na haikumfikia.

Ugonjwa huu ni wa siku nyingi hata huko ulikosomewa. Mwaka 1983 tume ya Serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba zaidi ya wanunuzi 70 katika kila 100 waliitakidi kuwa wakala anayezunguka nao ni wao, ilhali kwa sheria ya wakati huo aghalabu alikuwa ni mtumishi wa muuzaji. Walikuwa wakimweleza siri zao zote. Baada ya hapo wakaanza mawakala wa wanunuzi, lakini ujira wao uliendelea kukatwa katika fedha za muuzaji, na mnunuzi akiambiwa kwamba huduma ni ya bure. Tarehe 31 Oktoba 2023, mahakamani Kansas City, baraza la raia lililoketi kuamua kesi ya utaratibu huo liliwapa wauzaji walioshitaki fidia ya karibu dola bilioni 1.8. Mwezi wa Machi 2024 chama kikubwa cha mawakala wa nchi hiyo kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza mashitaka, na tangu tarehe 17 Agosti 2024 wakala anatakiwa asimtembeze mnunuzi katika nyumba kabla hawajatia saini mkataba unaosema ujira wake ni kiasi gani. Yaani nchi yenye mahakama na mawakili wote wale imechukua miaka 40 kufika kwenye karatasi moja ya kusainiwa. Sisi hatuna haja ya kusubiri muda huo.

Lipo jambo la haraka pia. Dalali hulipwa nyumba inapouzwa, si inapochunguzwa. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichunguza mauzo ya karibu nyumba 100,000 katika sehemu za Chicago, wakaona kwamba mawakala walipouza nyumba zao wenyewe waliziacha sokoni kwa siku 9.5 zaidi na kupata bei iliyozidi kwa asilimia 3.7 kuliko walipouza za wateja wao. Kwa mali yake, wakala anasubiri. Kwa mali ya mwenzake, anahimiza. Utafiti huo ulihusu wauzaji, lakini mnunuzi na auchukue kwa uzito ule ule, kwani yeye ndiye anayehimizwa zaidi kuliko wote. Ni nani kati yetu hajasikia maneno haya: "Kuna mtu anakuja kesho asubuhi na fedha mkononi"? Mara nyingi mtu huyo hayupo. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba Mtume alikataza mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili kumghuri mwengine. Mnunuzi wa kesho asubuhi ni ndugu wa mtu huyo, tofauti yake ni kwamba huyu hata hakuzaliwa.

Hapa kwetu haraka hiyo ina hatari ambayo Chicago hawaijui sana. Nyumba zetu nyingi ni za mirathi. Baba amefariki, ameacha wake wawili na watoto tisa, mmoja yuko Wete, mmoja Mombasa, mmoja Muscat, na mtoto mkubwa anayekaa ndani ya nyumba ndiye aliyemwita dalali. Kwa fara'idh kila mmoja wa watu hao ana fungu lake lililo bayana, na hakuna anayeweza kuuza fungu la mwenzake. Dalali aliyeitwa na mtoto mkubwa hana sababu ya kuuliza juu ya dada aliyeko Mombasa, kwa kuwa kila mrithi anayejitokeza anaisogeza mbali siku ya ada. Mnunuzi angekuwa na mtu wake mwenyewe, la kwanza ambalo mtu huyo angeliuliza ni karatasi ya Mahakama ya Kadhi inayowataja warithi. La pili angeuliza juu ya ardhi, kwani ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 inampa mwananchi haki ya kuitumia. Anayenunua kuta bila ya kuiona haki hiyo kwa macho yake amenunua mawe na chokaa. Na katika Mji Mkongwe angeuliza la tatu: je, nyumba hii si ya wakfu? Kule nyumba za wakfu, za Serikali na za watu binafsi zimekaa ukuta kwa ukuta, na mgeni hawezi kuzitambua kwa kuzitazama.

Walio hatarini zaidi ni ndugu zetu walioko nje. Mtu yuko Muscat, Dubai au London, anaweka akiba yake mwaka baada ya mwaka ili siku ya kurejea akute pahala pa kulala. Anatumiwa picha kwa simu, anaona rangi mpya na milango mizuri, anapeleka fedha. Dalali ndiye jicho lake, sikio lake na mkono wake, na papo hapo ni wakili wa anayeuza. Ndugu huyo tunamshauri amtume mtu wa ukoo wake, asiyepata chochote nyumba ikiuzwa, aende akaulize kwa majirani. Jirani hukumbuka kesi ya mpaka ambayo dalali ameisahau.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba visiwa ni vidogo, watu wote wanajuana, na katika mji kama Mkoani mtu hawezi kupata madalali wawili wasiokula sahani moja. Hoja hii ina uzito wake. Hata jimbo la British Columbia nchini Kanada, lilipopiga marufuku tarehe 15 Juni 2018 wakala mmoja kuwawakilisha muuzaji na mnunuzi katika nyumba moja, liliacha mlango kwa sehemu za mbali zenye uhaba wa mawakala. Nasi hatudai kwamba dalali wa pande mbili apigwe marufuku Unguja na Pemba. Amri kama hiyo ingemfanya ajifiche, na aliyejificha hugharimu zaidi. Lakini udogo wa visiwa si sababu ya siri. Pahala ambapo dalali ni mmoja ndipo hasa inapopasa ijulikane amelipwa nini na nani. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya mawakala wa majumba mwaka 1984 na kuunda bodi ya kuwaandikisha. Hatusemi kwamba kila kitu chao ni cha kuigwa, ila kuandikishwa kwa jina ni mwanzo, kwani dalali asiye na jina hana wa kumtaka hesabu.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Asimwambie dalali wa muuzaji ukomo wa fedha zake, hata akiulizwa kwa upole wa namna gani. Atake kuonana na mwenye nyumba uso kwa uso kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Dalali akikataa wawili hao wasionane, basi cha juu kimo ndani, na mnunuzi aondoke. Bei itajwe wote watatu wakiwapo, mbele ya sheha, na iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.

Kwa watendaji wa Serikali ombi letu ni dogo. Katika karatasi za kuhamisha nyumba kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwengine, kiongezwe kifungu kimoja kinachotaja jina la dalali, ada aliyoipokea kwa muuzaji na ada aliyoipokea kwa mnunuzi, na watu wote watatu watie saini zao chini ya kifungu hicho. Asiwepo mtendaji mwenye fungu katika ada ya dalali ambaye pia anaithibitisha karatasi hiyo. Dalali aliyechukua haki yake hatakuwa na tabu ya kuiandika. Atakayesema kwamba kifungu hicho kinamchelewesha kazi, aulizwe pale pale ni tarakimu gani inayomchukua muda mrefu kuijaza.